Uzito Uliotajwa Baada ya Mtihani

Nyinyi vijana mnaosoma haya huku simu zikiwapigia hesabu, tulieni kidogo. Nilisoma miaka michache tu, kwa hiyo sitawazungusha. Mwaka wangu wa mwisho shuleni, huko Gesima, ulinuka chaki na masweta yaliyolowa, maana alfajiri tulichuna majani ya chai, kisha tukaingia darasani tukitiririka maji. Mwaka huo kanisa liliahidi kumsomesha msichana mmoja katika shule ya bweni, yule atakayeongoza darasa. Mmoja tu. Baba alikuwa amekwisha kusema kwamba nisipochukuliwa, nitabaki shambani.

Tulifanya mitihani mitatu. Nilipata 82, nikapata 78, kisha malaria ikanishika, nikapata 60. Kemunto, niliyeshindana naye, alipata 57, 63 na 80. Ukijumlisha, mimi mia mbili na ishirini, yeye mia mbili. Mama akaazima sanduku la bati. Siku ya kutangaza matokeo, mwalimu alisimama uwanjani mbele ya wazazi, akasema mtihani wa mwisho una uzito wa mitatu: alama zake huzidishwa kwa tatu, huongezwa kwa zile nyingine, kisha jumla hugawanywa kwa tano. Nikapiga hesabu mchangani kwa kijiti. Mimi 68. Kemunto 72.

Hesabu ilikuwa sahihi, sikatai. Lakini mwalimu huyo alikuwa akilala kwa kina Kemunto, akila ugali wao wa wimbi na mboga za chinsaga zilizotiwa maziwa, na wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mama akainuka, leso kiunoni.

“Mwalimu, huo uzito uliutaja lini?”

“Mama Moraa, hata ningeutaja, ungeuelewa?”

Wanaume wakacheka. Mama hakuketi.

“Karani wa chai hutuonyesha mizani kabla hatujatundika kikapu. Wewe umeangalia vikapu kwanza.”

“Hii ni hesabu, mama, si majani.”

“Na aliyechuna ni mtoto wangu.”

Kemunto akaenda bweni. Mimi nikarudi kwenye chai, na hadi leo sijui kama niliibiwa. Labda mwalimu alikuwa ameupanga uzito ule tangu mwanzo, akasahau tu kusema. Labda. Ila sijaona mtu akisahau jambo halafu usahaulifu huo ukamlipa mwenyeji wake.

Siku hizi naambiwa mambo ni wazi. Mjukuu wangu Nyaboke anasoma chuo mjini Kisii, na kwa kawaida huelezwa mapema: kazi za darasani asilimia thelathini, mtihani sabini. Muhula huu mwalimu wake mmoja amesema uzito utatangazwa baadaye. “Nyanya, usijali,” akaniambia akicheka, “kompyuta ndiyo inapiga hesabu.” Kompyuta hupiga ile iliyopewa. Nikawaita wote wanaosoma katika nyumba yangu, wakubwa kwa wadogo, nikawaamuru: kabla hujashika kalamu, simama mbele ya wenzako, muulize mwalimu kila mtihani una uzito gani. Asipojibu, usiketi.