Papa wa Magurudumu

Pale Laeken, mtaa wa Brussels, mkabala na saluni yangu, kuna mzee Mkongo anayechanganya Kiswahili na Kifaransa, sote tunamwita Papa, yaani baba; yeye huosha magurudumu ya magari ya spoti. Kabla ya kupuliza dawa hugusa rimu kwa nyuma ya kiganja, kama mama anayepima maji ya kuogeshea mtoto. "Iko bado moto. Dawa ikikaukia apa, itaacha alama. Alors, tungoje." Wenye magari hufoka. Mimi ningewajibu, yeye hungoja. Kisha hupitisha kitambaa laini katika kila upenyo, mpaka lile vumbi jeusi la breki lihamie mikononi mwake. Halitoki hata kwa sabuni, ndiyo maana husalimia watu kwa kifundo cha mkono, hata Jumapili kanisani.

Jumamosi moja binti yake, Larissa, alimleta mchumba wake, shati jeupe pe. Papa akatoa kifundo. Kijana akakipita, akashika kiganja chenyewe kwa mikono miwili, akainama.

"Mais utachafuka, mutoto yangu."

Kijana hakuachia. Nyuma yao mwenye gari akapiga honi. Papa hakugeuka. Alichukua kitambaa kipya, akaanza kumfuta kijana kidole kimoja kimoja, polepole, kama rimu iliyokwisha kupoa.