Amaleki wa Njia ya Ndagala

Jumapili iliyopita Jeanine, mtoto wa mama mdogo, aliwafundisha watoto kanisani habari za Amaleki, yule adui aliyewavamia Waisraeli waliochoka wakabaki nyuma. Papo hapo nikanusa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu.

Tulipokuwa wadogo, mwalimu wetu alisema Amaleki yuko hai hadi leo, anawinda roho. Mimi nikaelewa kwamba anakaa kwenye michikichi ya Rumonge na ana meno kama mapanga. Siku hiyo hiyo Jeanine alikuwa ameimba kanisani, ziwa zima likanyamaza, na mama yangu mzazi akamsifu. Wivu ukachemka ndani yangu kuliko mawese.

Alasiri tukatumwa ufukweni kuanua ndagala zilizokaushwa mchangani. Tukirudi na vikapu vyetu kichwani, Jeanine akachomwa na mwiba.

"Yaya, ningojee!" akaniita, kwani mimi ndiye kaka yake mkubwa.

Nilisikia, nikakaza mwendo. Amaleki amchukue, akamwimbie huko!

Mama akauliza mlangoni, "Mwenzako iko wapi?"

"Amaleki amemubeba."

Kofi la mama lilikuwa bado hewani Jeanine alipotokea akichechemea, sketi yake imejaa ndagala. "Yaya, kikapu chako kimetoboka. Nimekuokotea njia nzima."

Mama akamkumbatia, nami nikamwonea wivu upya, hata ule mwiba.

Basi Jumapili hiyo iliyopita Jeanine akawauliza watoto, "Nani amewahi kumuona Amaleki?" Mimi, na ndevu zangu zote, nikainua mkono.

Jeanine akacheka. "Shusha, yaya. Hata mimi nilimuona. Nilimuokotea ndagala zake."