Chokaa Haikuibwa: Safari Yangu ya Mgodi wa Shaba

Niliondoka Kisumu kwa hasira, na sioni haya kusema. Mume wangu, Baba Akoth, alikuwa amerudishwa nyumbani Manyatta kutoka mgodi wa shaba ng'ambo ya ghuba, akiitwa mwizi. Kazi yake ilikuwa kutia chokaa kwenye matangi ya unga wa mawe, maji na dawa. Shaba hupanda juu na povu. Chokaa huyazuia mawe ya chuma, yasiyo na faida, yabaki chini. Sasa yote yalikuwa yanapanda. Msimamizi wake akasema amepunguza chokaa ili akaiuze. Yeye akavumilia. Mimi sikuweza.

Asubuhi, gatini, nilimfunga Akoth mgongoni nikapanda meli ya Homa Bay. Ilikuwa miaka ya sitini. Asembo Bay wakapanda akina mama na magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, wakaimba mpaka mabaharia wakaitikia. Meli ile ingepita leo, ningepanda bila kuuliza inakwenda wapi.

Jioni lori lilinishusha mgodini, kwa Mama Owuor, mke wa mtu wa pampu.

"Umekuja kupigana?"

"Nimekuja kuuliza."

"Na sura hiyo? Kula kwanza, utapigana umeshiba."

Tukiwa tunakula akaniambia kwamba tangu mto upungue, mumewe alikuwa akivuta maji ya shimo la zamani la mgodi kuyapeleka matangini. "Safi kabisa. Lakini ukifulia, nguo inatoboka."

Nguo kutoboka! Kemia ya sekondari ikanirudia: hiyo ni asidi, na asidi huyeyusha shaba. Nikaomba msumari, nikausugua kwa mchanga, nikautia kwenye kopo la maji yale. Tulipomaliza ugali, msumari ulikuwa mwekundu, umevaa shaba.

Asubuhi iliyofuata, Akoth mgongoni, nilimkuta msimamizi kwenye matangi, wafanyakazi wamemzunguka.

"Mama, hapa si kliniki."

"Naona." Nikamnyoshea kopo la maji ya shimo. "Tia msumari wako mwenyewe."

Akacheka, akautia. Baadaye akautoa, akaacha kucheka. Nikamweleza: asidi inaimaliza chokaa kabla haijafanya kazi. Shaba iliyoyeyuka inayapaka yale mawe ya chuma, dawa inayashika kama shaba, povu linayabeba. Akaagiza maji ya mto, kidogo yaliyobaki, yatiwe kwenye tangi moja dogo, chokaa ileile. Povu likatoka zuri, mawe ya chuma yakabaki chini.

"Mwambie mumeo arudi Jumatatu."

"Arudi kama nani? Mwizi aliyesamehewa?"

"Mama, tusifike huko."

"Tumeshafika. Ulimwita mwizi mbele ya hawa. Mbele ya hawa useme."

Akatazama viatu vyake. "Baba Akoth hakuiba," akanong'ona.

"Huku nyuma hatujasikia, Bwana!" mtu akapaza sauti, na kicheko kikalipuka. Ikambidi arudie kwa sauti.

Nilirudi kwa meli ileile, Akoth amelala, ziwa limetulia. Mgodi ule sasa umefungwa, na wale waliocheka wametawanyika. Nawakumbuka kama jamaa zangu. Nilijifunza kupima maji hata yakiwa yanang'aa. Hasira haijaisha: msumari mmoja tu, na hakuna aliyefikiria kuutia kabla ya kumfukuza mtu.

Manyatta nilimkuta Baba Akoth amekaa mlangoni. Hakuuliza habari za kazi.

"Alisema?"

"Mara mbili," nikamjibu.

Akampokea mtoto, akatoka naye barabarani, watu wamwone.