Asubuhi Nilipomwinua Ng'ombe

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya kiangazi kule Bahi ambayo mpaka leo haijanitoka moyoni. Nakusimulia kwa sababu ya jana. Nilikuona sebuleni umempakata mbwa wako mgonjwa, unamnywesha dawa kwa kijiko huku unambembeleza, nikasema kimoyomoyo, huyu ana huruma. Kisha shangazi yako, anayeugua chumba cha nyuma, akaita, akaita tena, nawe ukasonya. Nikajiona mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na minne.

Mwaka ule mvua ilitukataa. Nyasi zikaisha, ng'ombe wakabaki mbavu tupu. Ng'ombe aliyedhoofika akilala, asubuhi hawezi kusimama, na asiposimama ndiyo kwaheri. Kwa hiyo sisi wafugaji tuliwainua: mmoja anashika mkia, mwingine pembe, wengine wanapitisha gogo chini ya tumbo, halafu kwa pamoja, haya, juu! Mimi nilikuwa na mtamba mwekundu, jike ambaye hajazaa bado, nikimpenda jamani, aibu hata kusema. Kutwa nzima nilikuwa juani nikimwokotea maganda ya mgunga ale.

Ndani ya nyumba yetu alilala kaka yangu Yona. Miguu ilimwishia nguvu, hakuweza kutoka nje bila kubebwa. Na maneno alikuwa nayo! Umenishika vibaya, maji ya baridi, umechelewa. Mama alikuwa mzee, hakumweza. Kila asubuhi aliniita nimtoe Yona ajisaidie na kuota jua, nami nikajibu, "Nakuja mama, nimwinue ng'ombe kwanza." Nilijiona mtu mwema, eti ng'ombe hana wa kumsemea. Upuuzi mtupu.

Asubuhi hiyo mtamba aligoma kabisa. Nikakimbia kwa majirani, nikarudi na wanaume wanne. Mama aliita mara tatu, nilimsikia. Tukamwinua, akayumba, akasimama, nami nikamkumbatia shingo nikalia kwa furaha mbele ya watu.

Nilipoingia ndani, Yona alikuwa kifudifudi kizingitini. Alijaribu kujiburuta mwenyewe asijichafulie kitandani, akashindwa njiani. Nguo zilikuwa zimelowa, vumbi limemjaa mdomoni. Nilingoja matusi. Aliniuliza tu, "Amesimama?"

"Amesimama, kaka."

"Haya, vizuri."

Mama alikuwa amekaa chini, kamshika kichwa. Hakupandisha sauti. "Ng'ombe ameitiwa wanaume wanne," akasema. "Mwanangu mimi sikumpatia hata mmoja."

Tangu siku hiyo Yona hakulalamika tena. Nilimbeba kila asubuhi kabla ya jambo lolote, naye akawa anageuzia uso ukutani. Wiki ya pili akafariki. Mtamba alipona, akazaa, akatoa maziwa mengi. Mimi sikuyanywa, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Mwanangu, sikukatazi mbwa wako. Mtibu. Lakini ujue kwa nini yeye ni rahisi kumpenda: hakukosoi, hakukumbushi ulichomfanyia mwaka juzi, akipona anatikisa mkia, yamekwisha. Mtu mgonjwa ana mdomo, ana kiburi chake, na anakuchosha kwa sababu anajua anakulemea, na hilo linamuuma. Nilidhani moyo wangu ni laini, kumbe nilikuwa nampenda asiyenijibu. Basi shangazi yako akiita, inuka mara ya kwanza, hata kama ukifika atakukaripia. Omba azidi kukukaripia. Akishanyamaza utakuwa umechelewa, na kuchelewa huko hakuna dawa. Mimi nimezeeka nako.

Mungu akupe mikono yenye subira. Na siku utakapolala wewe, ukaita, akupe mtu wa kuitika.