Hewa ya Nahodha

Aibu nyingine mtu anaweza kuisingizia bahati mbaya, lakini hii yangu niliipika mwenyewe, nikaipakua mwenyewe, na watu wa mtaa wetu wa Mabawa wakaila uani wakiwa wamekaa kwenye mikeka, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Nimengoja siku kumi na moja ndipo nimeweza kuiandika, na hata sasa najua nikifika pale Shomari kinyozi alipovua kofia kalamu itasita. (Mama, kama wewe ndiye uliyelipata daftari hili, shikamoo, tafadhali lifunge.)

Mimi ni mtu wa haya. Shuleni mwalimu akiniuliza jina langu hulijibu dawati. Nipo kidato cha tatu na sidhani kama nusu ya darasa wanaijua sauti yangu, na maisha hayo yalinifaa sana mpaka Mzee Sefu aliponunua televisheni.

Mzee Sefu ni jirani yetu wa nyumba ya tatu, ambaye miaka ya foleni, bidhaa zilipoadimika, hakuwa hata na kipande cha sabuni (au tuseme alikuwa nacho ila hakukitoa hadharani), na biashara ilipokuwa ruksa akavuka kwenda Unguja akarudi na televisheni ya rangi imezungushiwa blanketi kama mgonjwa. Akasimamisha mti wa mkoko uani, juu akafunga antena, akaielekeza Pemba, na picha za Visiwani zikaja, siku ya utulivu safi kabisa, siku ya upepo kila mtu ana pacha wake. Taabu ilikuwa sauti, ambayo ilichacharika kama mtu anakaanga dagaa ndani ya kisanduku.

Kila Jumatatu baada ya magharibi ulikuwapo mchezo wa chombo kinachoruka angani, mbali kupita mwezi, na ndani yake watu sita walioshindikana kila mahali, wamekimbia na wanawindwa: nahodha mwenye kovu shavuni na jaketi lililochanika bega, mzee mnene mwoga wa kila kitu, mwanamke mwenye kipara ambaye hakucheka hata siku moja, daktari mwenye kikohozi, msichana mwenye nywele za rangi ya sufuria mpya, na mtu wa bati aliyepungukiwa mkono. Uzuri wake sina la kusema. Ila wote walizungumza Kiingereza, tena cha haraka, tena cha puani.

Jumatatu ya kwanza Mzee Sefu akauliza ni nani pale uani atawafasiria watu, na mama yangu, ambaye huamka kabla ya alfajiri kukaanga vitumbua ili mimi niendelee kukaa darasani, na hakuna mtu wa mtaa ule ambaye hajamwambia hivyo, akajibu kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka Pemba:

"Zaina wangu yupo. Kiingereza anakisikia kama Kidigo cha bibi yake."

(Kidigo cha bibi chenyewe nakisikia nusu.) Nilisukumwa mbele, nikapewa kigoda kando ya televisheni, na hapo neno moja tu lilitakiwa, nalo ni sijui. Kiingereza changu mimi ni kile cha ubaoni, kilichotulia, unachoweza kukitazama mara mbili. Hiki cha kukimbizana na kuchacharika sikuambulia hata salamu. Lakini nilimtazama mama, alivyokuwa amekaa mstari wa mbele na kanga mpya, akipokea hongera ambazo bado hazijatolewa, nikashindwa. Mzee Sefu akauliza hawa watu wamekosa nini mpaka wanakimbia, nami nikaona nyuma ya nahodha kuna makasha yamepangwa, nikasema, "Magendo."

Uwanja mzima ukalainika. Nani Mabawa hakuwahi kulalia kasha la sabuni? Kuanzia dakika ile wale sita wakawa watu wetu, waliowafukuza wakaitwa mgambo, mzee mnene akaitwa Mzee Tumbo na mtu wa bati akaitwa Debe, nami kila Jumatatu nikawa natunga. Nilimpa Mzee Tumbo mtoto mgonjwa huko nyumbani, ndiyo maana analia. Yule wa kipara nikasema ana nadhiri. Na ajabu ni kwamba nikikaa kwenye kile kigoda haya zilinitoka, kwa sababu sikuwa mimi ninayesema, walikuwa wanasema wao, na watu wakinikuta njiani walikuwa wananiita Mkalimani, na mama akilisikia jina hilo anarefuka.

Jumatatu ya tatu akaja Maalim, anayetusomesha Kurani chuoni sote tangu alifu. Alikuja kutazama kama kitu kile kinawafaa watoto, na kila mtu alijua kwamba akisema hakifai basi kwa watoto na wanawake televisheni imekwisha. Akakaa karibu yangu kabisa, tasbihi mkononi, na kwa robo saa mambo yalikwenda vizuri, Debe alipoteza mguu, Maalim akacheka kidogo ndevuni. Mara nahodha akamshika yule msichana wa nywele za sufuria mabega yote mawili, akainamisha kichwa upande, akambusu mdomoni, na hakuwa na haraka.

Maalim akaniuliza wanafanya nini hao.

Hakuna aliyekohoa, hata daktari. Mimi mtoto wa kike, mbele ya Maalim wangu, mbele ya mama yangu, lile neno haliwezi kutoka, liko wapi hata litoke? Nikasema, "Anampa hewa, Maalim. Huko juu hakuna hewa."

"Na huyo ni nani yake?"

"Dada yake."

Maalim akatafakari, akaitikia kwa kichwa, akasema kwamba kumgawia nduguyo pumzi yako ni jambo kubwa. Televisheni ikasalimika. Kesho yake akawaeleza watoto chuoni habari ya nahodha anayegawana hewa na dada yake, ili nao wajifunze kugawana angalau maandazi.

Baada ya hapo sikuwa na amani tena, maana wale wawili walikuwa watu wa kugawana hewa sana. Bi Tatu, mke wa Mzee Sefu, alianza kulalamika kwamba nahodha ana upendeleo, kwa nini hamgawii daktari ambaye ndiye mwenye kifua? Nikasema daktari amekataa, hataki deni la pumzi ya mtu. Kisha kifaranga cha Bi Tatu kikatumbukia kwenye ndoo, yeye akakitoa, akakipa hewa kwa mdomo kama alivyoona, na kifaranga kikapona (jambo ambalo lilinimaliza kabisa). Sasa haikuwa tena hadithi ya Zaina, ilikuwa dawa iliyojaribiwa. Shomari kinyozi, ambaye alimpenda nahodha kupita kiasi mpaka akajichana bega la jaketi lake la mtumba na kulivaa kwenye joto la Tanga, alisema hadharani kwamba yeye ameisoma namna ile yote, kichwa kinavyoinama na mikono inavyokaa, anangoja tu apatikane mgonjwa.

Mgonjwa akapatikana. Ilikuwa Jumatatu ya saba, na Jumatatu Maalim hufunga sunna. Alifuturu kwa tende na maji, akaswali, akaja mbio mbio asikose mwanzo, kwa sababu wiki iliyotangulia chombo kilibaki kinaanguka na yeye, ingawa hakukiri, alikuwa na wasiwasi mkubwa na Mzee Tumbo. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote, wametoka mbali, mpaka Raskazone, wengine wamepanda ukuta, na upepo haukuwapo. Nikaona Maalim anajifuta uso, anajifuta tena, kisha tasbihi ikadondoka na yeye akaifuata.

Wakamlaza kwenye mkeka. Mama akasema waleteni maji, watu wasogee, akaanza kumpepea kwa kanga, na nadhani mambo yangeishia hapo vizuri kabisa kama Bi Tatu asingesema kwamba maji ni ya kunawa, huyu amepungukiwa hewa. Shomari akasimama. Watu wakampisha wenyewe, kwa heshima, kama wanavyompisha anayejua kazi. Akapiga magoti kando ya Maalim, akavua kofia, akaiweka chini, akapangusa masharubu kwa kiganja, akamshika Maalim mabega yote mawili, na akainamisha kichwa upande.

Jamani, mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili tu. Nilijua nikinyamaza hakuna atakayejua lolote, mama atabaki mama wa mkalimani, nami nitabaki na kigoda changu. Na nilijua pia kwamba Maalim wangu, mbele ya wanafunzi wake, yuko karibu kubusiwa na kinyozi. Masharubu ya Shomari yalikuwa yamekwisha gusa ndevu.

"Hiyo si hewa," nikasema, na sikuijua sauti ile kuwa ni yangu. "Ni busu."

Shomari akabaki pale pale alipofika, hashuki wala hapandi. Kisanduku kikaendelea kukaanga dagaa wake. Bi Tatu akauliza polepole, busu la nani? Nikasema la nahodha, yale yote yalikuwa mabusu.

"Kwa dada yake?"

Hilo nilikuwa nimelisahau. Wallahi nilikuwa nimelisahau, na nikaona wanawake waliolia kwa ajili ya wale ndugu wawili wanashika vichwa, mmoja anatema mate kando ya mkeka, mwingine anamfunika macho mtoto wake ambaye hakuwa anatazama chochote. Ikabidi niseme tena haraka, si dada yake.

"Basi ni nani yake?"

Hiyo ilikuwa sauti ya Maalim. Alikuwa bado amelala, macho amefumba, lakini midomo ilikuwa inafanya kazi. Nami najua, mnajua, kila mtu anajua jibu lililotakiwa pale. Ningesema mkewe mambo yakatulia, watu wakarudi kukaa, na mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikamtazama mama. Alikuwa ameshika ile kanga ya kupepea, ananitazama kwa uso wa mtu anayengoja umwambie kwamba ni uongo.

"Sijui, Maalim," nikasema. "Kiingereza chao sikisikii. Tangu siku ya kwanza."

Mzee Sefu akauliza, na magendo je? Nikasema sijui. Bi Tatu akauliza, na yule mtoto mgonjwa wa Mzee Tumbo, ambaye mimi nimemwombea dua? Nikasema hana mtoto, kisha nikasema huenda anaye, ila mimi sijaambiwa. Shomari akauliza akiwa bado amepiga magoti, kwa unyonge ulionichoma kuliko mengine yote, "Hata Debe si Debe?" Mama aliukunja mkeka wake, mkeka ambao mtu mwingine bado alikuwa amekalia ncha yake, akauvuta, akaondoka, na hakuniita.

Siku mbili hakusema nami zaidi ya lete kuni na toa sufuria. Siku ya tatu Maalim akaja nyumbani, nikajificha nyuma ya mlango, lakini aliniita kwa jina nikatoka nikampa shikamoo nikitazama miguu yake. Akamwambia mama kwamba siku ile hakuwa amezimia kabisa, masikio yalikuwa yanasikia yote, ni mwili tu uliokataa kunyanyuka.

"Shomari alipovua kofia," akasema, "nilipiga shahada."

Mama akajaribu kujizuia. Alijaribu kwa kweli, akageukia jiko, lakini nikaona mabega yanatikisika, kisha akacheka mpaka akakaa chini, na Maalim naye akacheka, na mimi nikaona nikicheka nitakuwa nimevuka mpaka, nikalia. Maalim alipoondoka mama alijifuta macho akaniuliza swali moja tu, kama ni kweli miaka yote hii shuleni sisikii kitu. Nikamwambia Kiingereza kikiandikwa nakijua. Akasema vizuri.

Na ndiyo maana sasa kila alfajiri, kabla ya shule, mama akifunga vitumbua kwenye magazeti ya zamani ya Kiingereza, anachukua karatasi moja moja, anainyoosha kwenye paja, ananiuliza hapa wanasema nini, nami namwambia. Nisipojua nasema sijui, naye haifungii kitumbua karatasi hiyo, anaiweka kando nikaitafute shuleni, na fungu la sijui limekuwa kubwa mpaka tunakaribia kukosa karatasi za wateja.

Basi nimeapa, na ninaandika ili nisijikane: kinywa changu hakitamfasiria mtu tena neno ambalo sikio halikulipokea, awe mtu wa mbinguni au wa Mabawa. Nimeshika kiapo hiki vikali mno. Jana mwalimu aliniinua mbele ya darasa akaniuliza ndoo kwa Kiingereza inaitwaje, neno ninalolijua tangu darasa la tatu, nami kwa mazoea mapya nikajibu upesi na kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Sijui." Nikala viboko viwili vya mkononi. Viliwasha, nikarudi kukaa nikipuliza kiganja, lakini moyo umetulia kabisa, maana kiboko kikishapiga kinakwisha, na mimi nimewahi kumwona mama yangu akikunja mkeka.