Mkono wa Mzee Bulugu

Mwanangu, iko siku moja haijanitoka kichwani: siku Kabula alipoingia kwenye duka la uchapaji nililoajiriwa pale Mirongo, akiwa bado na nguo za msiba. Wakati huo sikuwa huyu mama mkubwa mnayemwamkia shikamoo, hata wengine wenye mvi zao! Nilikuwa msichana wa kompyuta, nachapa kadi za harusi, na kujiona nilijiona. Acha tu.

Kabula alikuwa binti wa Mzee Bulugu, mchora majina ya mitumbwi wa Igogo. Karibu kila mtumbwi kwenye mwalo wa pale, wanaposhushia samaki wavuvi, uliandikwa na yeye. Na huko kwao Magu, misalaba yote ya makaburi ya ukoo aliiandika kwa mkono wake: ya wazazi wake, ya kaka zake, ya watoto waliotangulia. Sasa mkewe, Milembe, alikuwa amefariki, na mkono wa mzee ulikuwa umeanza kutetemeka, hata kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili. Msalaba wa Milembe ukabaki mtupu. Watoto walipotaka kuita fundi mwingine, mzee alikataa katakata. "Mke wangu hataandikwa na mgeni," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

"Dada, si mnatengeneza maandishi kwenye kompyuta?" Kabula aliniuliza. "Nitengenezee mkono wa baba. Herufi zote, ili kila tutakayemzika pale aandikwe na yeye."

Nilikubali palepale. Nilikuwa nimejifunza kidogo kutengeneza fonti: unapiga picha ya herufi, unafuatisha kingo zake kwenye kompyuta mpaka upate alama safi, kisha unaipa kitufe chake, ili ukigonga A itoke A ile ile. Nikabeba kamera ya duka mpaka mwaloni, nikapiga picha mtumbwi mmoja baada ya mwingine, akina mama wa dagaa wakinitania, "Dada, unanunua yote hiyo?" Mzee mwenyewe alikuwa anakaa hapo hapo juu ya mwalo, mwanangu. Hata hodi sikupiga. Nilijiambia, mtu ambaye mkono umeshamchoka atanisaidia nini?

Nikafuatisha, nikapanga, nikaandika MILEMBE. Lo! M moja imenenepa, nyingine imekonda, L inaegemea kama mlevi anayetafuta mlango. Nikazinyoosha kwa nguvu zote mpaka zikalingana, ila sasa hazikuwa za mtu yeyote. Kabula alipoziona alisema taratibu, "Dada, huyu si baba." Iliniuma. Akanishika mkono, tukaenda kwa mzee.

Tulimkuta barazani anachambua maharage, polepole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Ndiwe uliyekuwa unapiga picha mitumbwi?"

Nikampa karatasi niliyochapa zile herufi. Akaitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Mbao za mtumbwi zinajipinda zikikaribia mbele. Herufi za huko nazipanua makusudi, ili aliye mbali majini azione zote sawa. Wewe umezibandua ukazileta kwenye karatasi!" Kisha kicheko kikamwisha. "Lakini, binti, kwani mimi nimekufa? Umeutafuta mkono wangu kwenye mbao, na mwenyewe nimekaa hapa, mlango wazi."

Nikajikaza, nikamwomba anichoree. Akanyoosha mkono, ukatetemeka mbele yetu. "Unaona?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshindwa.

Hapo Mungu akanipa wazo. Picha kwenye kompyuta naipunguza nitakavyo, na ukiipunguza, dosari ndogo nazo zinapotea. Nikamwambia, "Mzee, chora kubwa. Ukutani, kwa mkono mzima toka begani." Akanitazama, akamgeukia Kabula. "Hee! Na huyu naye ana akili."

Akachukua mkaa, tukazunguka nyuma ya nyumba. M ya kwanza ilinifika kifuani. Tetemeko lilikuwapo, ila kwenye herufi kubwa vile lilionekana mkwaruzo tu. Alichora, akapumzika, akachora tena, Kabula akipaka chokaa ukuta ukijaa, nami nikipiga picha. Alipomaliza za jina la mkewe nilidhani ataacha. Wapi! Alikwenda mpaka Q na X, ambazo sijui ni mtumbwi gani wa ziwa hili uliwahi kuzihitaji.

Nikazifanya herufi zile fonti, nikalichapa jina, tukalifuatisha kwa rangi msalabani. Tulipoupeleka msalaba Magu, mzee alisogea karibu, akalisoma jina kwa sauti, "Milembe," kama anamwita atoke jikoni. Kisha akatugeukia, "Wabeja," asante ya Kisukuma, akalia bila kujificha. Nasi tukalia naye, na ilikuwa furaha, nakwambia.

Siku hizi mna simu, mwanangu, mnapiga picha kila kazi ya wazee. Vizuri, pigeni. Lakini kuuliza si ujinga, na jungu kuu halikosi ukoko. Kabla hujaichukua kazi ya mtu, nenda kwa mtu mwenyewe angali anapumua. Akikwambia mkono umechoka, usimwache hapo. Tafuteni njia pamoja, maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Mzee Bulugu naye alilala, miaka baadaye, kando ya Milembe. Hakuna aliyetafuta fundi. Kabula alikaa kwenye kompyuta yangu akagonga jina la baba yake, herufi moja moja, na mkono wa mzee ukamwandika mwenyewe.

Mungu akujalie wazee wa kuwauliza, mwanangu, na subira ya kuwasikiliza. Nawe ukizeeka, asikose mtu wa kukuambia: chora kubwa.