Kitambaa Kilichozunguka Mji

Zamani, mtu akiingia dukani kwa Mama Vifungo hakuambiwa "hakuna." Neno hilo lilikuwa mwiko mtaa mzima. Ukitaka vifungo, zipu, uzi au lastiki, hivyo vilikuwa vyake mwenyewe, vimepangwa kwenye makopo ya maziwa ya unga, kila kopo limebandikwa kifungo kimoja kwa mbele ili mteja achague kwa macho kabla hajatia mkono. Lakini hata ungetaka pazia, godoro la sponji au kitasa cha mlango, jibu lilikuwa lile lile: "Kipo, mwanangu. Kaa hapo kwenye benchi." Kisha anavaa ndala, anatoka kwa mlango wa nyuma, anapita uani, na kabla hujamaliza kupangusa jasho amerudi na kitu chenyewe mkononi, kana kwamba amekitoa chini ya kitanda chake.

Godoro lilikuwa la Mzee Sponji, mwenye duka la mwisho. Pazia lilikuwa la Mama Pazia, duka la pili, ukuta kwa ukuta na lake. Jioni wote walikaa uani wakapeana chao, na aliyeuza mali ya mwenzake alikatiwa kidogo, ikaitwa pesa ya ndala, maana ndala ndizo zilizolika kwa kukimbia huku na huku. Hakuna aliyeuliza nani kauza nini kwa ruhusa ya nani. Mtu angeuliza hivyo angeonekana mgonjwa.

Mama Vifungo alifika mtaa ule akiwa mke kijana ambaye mumewe ameachishwa kazi, akiwa na sinia la vifungo na aibu nyingi. Mama Pazia, aliyekuwa tayari na duka lake na sauti ya kuita mtu aliye kituo cha basi, alimwangalia akihangaika na jua akasema, "Wewe mdogo wangu, utaungua kama mkate. Kaa kwenye ngazi yangu." Akakaa kwenye ngazi ile mpaka duka la jirani likaachwa wazi, akalikodi. Ni Mama Pazia aliyemfundisha kumchekea mteja mkorofi huku akimpandishia bei. Na Mama Vifungo alipojifungua, ni Mama Pazia aliyeendesha maduka yote mawili, akiingia huku akitokea kule, mtoto amelala kwenye kapu la vipande vya mapazia. Walikuwa chanda na pete, ingawa kwa kununiana pia hawakuwa na mfano. Wangeweza kupitisha wiki hawasalimiani kwa sababu ya ndoo.

Mtoto yule wa kwenye kapu, sasa msichana mzima, ndiye aliyeleta duka la kwenye simu.

"Mama, watu hawatembei tena," alisema. "Wananunua wakiwa wamelala."

"Anayelala huota, hanunui."

"Nionyeshe vitu vyote ulivyo navyo, nivipige picha."

Mama Vifungo akamwonyesha vyote alivyo navyo. Akaanza na makopo, akamaliza na zipu, kisha akavaa ndala akamtoa kwa mlango wa nyuma, akampeleka kwa Mama Pazia akamwonyesha majora ya vitambaa, akampeleka na kwa Mzee Sponji. Kwa hesabu yake huo ndio ulikuwa ukweli mtupu. Binti naye, aliyelelewa kwenye kapu la vipande vya jirani, hakuona la ajabu. Akapiga picha zote na kuziweka mtandaoni kwa jina la duka la mama yake.

Tuseme ukweli, kwa sababu wanaolilia ya kale hupenda kuficha nusu: mambo yalinyooka. Oda zilitoka miji ambayo Mama Vifungo hajawahi kuikanyaga. Mafundi wa sare za shule, waliokuwa wakija kupoteza asubuhi nzima kwa kulinganisha vifungo, sasa walibonyeza tu, na mzigo ukafungwa kabla chai haijapoa. Aliuza kuliko alivyowahi kuuza maishani. Benchi lilikosa wa kulikalia, akaliwekea maboksi.

Haukupita muda, Mama Pazia naye akafunguliwa duka la simu na mpwa wake, kijana mwenye elimu ya biashara na shingo iliyopinda kwa kutazama chini. Mzee Sponji naye akafunguliwa la kwake. Ndipo kila mmoja alipoanza kuona bei za mwenzake. Huyu akishusha kidogo, yule anashusha zaidi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa vizuri na vibaya vyote vilikuwa barabarani, vinatembezwa na pikipiki. Jioni uani pakawa patupu. Kila mtu alikuwa ndani kwake, anavuta utepe wa gundi, krrrr, anafunga vifurushi.

Basi likaja suala la jora la kijani. Lilikuwa jora moja tu, kijani kibichi chenye maua meupe, na lilikaa kwa Mama Pazia. Mama mmoja aliyekuwa akingoja wakwe aliliona kwenye duka la Mama Vifungo, akalinunua lote. Adhuhuri hiyo hiyo mwenye nyumba ya wageni aliliona kwenye duka la Mama Pazia, naye akalinunua lote. Mama Vifungo alipoingia kwa mlango wa nyuma alikuta limeshafungwa na kuandikwa jina.

"Dada, nipe lile la kijani. Nimeshaliuza."

"Umeliuza?" Mama Pazia aliweka mkasi chini. "Jora langu, umeliuza wewe?"

"Sasa, la nani tena?"

"Na nani kakupa ruhusa?"

Mama Vifungo alidhani ni utani, akaanza kucheka, akaona mwenzake hacheki. "Tangu lini nikakuomba ruhusa, dada?"

Mpwa hakuinua hata macho. "Shangazi, huo ni wizi. Kuweka picha za mali yetu kwenye duka lake ni wizi. Tunaweza kufungiwa duka."

Kilichomchoma Mama Vifungo si neno la kijana. Vijana husema. Kilichomchoma ni kwamba Mama Pazia, ambaye angeweza kumkanya kwa kikohozi kimoja, alichukua tena mkasi wake akaendelea na kazi.

Yule mama mwenye wakwe alimpa Mama Vifungo nyota moja kati ya tano na kuandika: *Muuzaji hana anachouza.* Mama Vifungo aliyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko alivyohitaji. Yeye na Mama Pazia wakanuniana. Na safari hii haikuwa ya ndoo. Wakipishana uani kila mmoja alitazama pengine, na miezi ikaenda hivyo, huku maduka yote mawili yakiuza vizuri kweli kweli. Mama Vifungo aliogopa jambo moja tu, na hakumwambia mtu: kwamba wanaweza kuzeeka hivi, na biashara isiwalazimishe hata siku moja kusemezana.

Binti alikuwa amefuta picha za mali za majirani, lakini moja ilimponyoka, kitambaa cha rangi ya maziwa chenye mistari ya kahawia. Mwalimu wa chekechea akakiagiza.

"Ghairi tu, Mama," binti alisema. "Mtu anabonyeza hapa, yanaisha."

"Naye aandike kwamba sina ninachouza? Sighairi."

Akachukua simu, akaingia kwenye duka la Mama Pazia kwa jina la mkwewe, akaagiza kitambaa kile na kulipa bei kamili kama mtu baki. Anwani ilikuwa ya duka lake mwenyewe, ila kwenye simu ilikuwa namba tu, na mpwa hakuwahi kutazama namba ya mlango wa jirani.

Baadaye, kupitia ukutani, alisikia mkasi wa Mama Pazia ukikata kitambaa chake. Aliujua mlio ule, alinyonyesha akiusikia. Kisha pikipiki ikaja ikabeba kifurushi, ikakipeleka kwenye ghala la kampuni ya usafirishaji upande wa pili wa mji, kwa sababu ndio utaratibu. Kwenye simu palikuwa na kidoa cha kuonyesha mzigo ulipo, na Mama Vifungo alikaa akikitazama kikienda, kikalala huko, kikaamka, kikarudi mdogo mdogo kwa njia ya kuzunguka. Kitambaa kilizunguka mji mzima ili kivuke ukuta mmoja.

Alipokifungua alikuta kadi iliyochapwa vizuri: *Mteja wetu mpendwa, asante kwa kutuchagua. Tunathamini uhusiano wetu nawe. Tafadhali tupe nyota tano.*

Alicheka mpaka akashika meza, kisha akagundua kwamba analia. Akatoka na ile kadi, na kwa mara ya kwanza tangu apate duka lake akaingia kwa Mama Pazia kwa mlango wa mbele, kama mteja.

"Unathamini uhusiano wetu?"

Mama Pazia alivaa miwani, akasoma polepole. "Nani kaandika haya?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi hata barua ya posa niliandikiwa." Akaigeuza kadi nyuma, kana kwamba maelezo yangekuwa huko. Kisha akaelewa. "Oda ile ya mistari ilikuwa ya kwako? Mbona hukuja kuchukua?"

"Ningekujaje, na tumenuniana?"

"Ungekuja ukanuna huku unachukua! Tumenuniana mara ngapi mimi na wewe, na biashara ikasimama lini?"

Mama Vifungo alijibu jambo ambalo hakuwa amelipanga. "Nimekukumbuka, dada. Na tunakaa ukuta kwa ukuta."

Mama Pazia akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la gauni, akasema kuna vumbi. Hapakuwa na vumbi.

Wamepatana, na wanasemezana mpaka majirani wanachoka. Binti na mpwa wameyaunganisha maduka yao kwenye simu, na kazi inakwenda vizuri kuliko zamani zote. Hakuna jora linalouzwa mara mbili. Mama Vifungo akipata mteja wa pazia anabonyeza, ombi linakwenda kwa mwenye mali, na mwenye mali akikubali, alama ya kijani inatokea. Mama Pazia hukubali papo hapo; hajawahi kukataa. Lakini katika ule muda mdogo wa kusubiri, Mama Vifungo huumia kila mara, kwa sababu miaka yote ile ya nyuma hakuwahi kujua kwamba angeweza kukataliwa.